Kuskani karatasi za mgonjwa nyumbani kwake: mwongozo kwa wauguzi wa huduma za nyumbani nchini Marekani

Mwongozo huu ni kwa muuguzi anayezungumza Kiswahili ambaye kazi yake nchini Marekani ni kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao chini ya shirika la uuguzi wa nyumbani. Wengi wetu tuliotoka Kenya, Tanzania na nchi jirani tumo katika kazi hii, na tunajua kwamba ukishamaliza kusafisha kidonda na kupima presha, bado karatasi zinakusubiri. Ijapokuwa jalada la mgonjwa siku hizi liko kwenye kompyuta, nyumbani kwake kuna karatasi tele: muhtasari wa hospitali iliyompa ruhusa, orodha ya dawa iliyoandikwa kwa mkono, kadi za bima, fomu ya ridhaa, ilani ya haki za mgonjwa, fomu ya uamuzi wake kuhusu kufufuliwa moyo ukisimama, na daftari la presha na sukari. Karatasi hizo zikichelewa kufika ofisini, au zikifika zimekatwa pembeni na hazisomeki, wa kwanza kuumia ni mgonjwa.

Ninachosisitiza tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba skani ifanyike mezani kwa mgonjwa kabla hujaaga, na isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka umeifungua kwenye kompyuta na kuilinganisha, kwa macho yako, na karatasi iliyo mkononi. Desturi ya kutia karatasi kwenye begi ili ukaziskani usiku nyumbani kwako ndiyo chanzo cha matatizo mengi ninayoyaeleza hapa chini.

Kwa nini isingoje usiku

Taratibu za Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, huenda kwa saa na siku. Ziara ya kwanza ya tathmini hutakiwa ifanyike ndani ya saa 48 tangu shirika lipokee rufaa au tangu mgonjwa arudi nyumbani, isipokuwa daktari awe ameweka tarehe maalumu ya kuanza huduma. Tathmini kamili, ambayo ndani yake kuna maswali ya OASIS, yaani fomu ya tathmini inayodaiwa na Medicare, hutakiwa ikamilike ndani ya siku 5 tangu huduma ianze, na tangu mwaka 2022 shirika hutakiwa kupeleka taarifa ya kumpokea mgonjwa ndani ya siku 5 pia, la sivyo malipo yake hupunguzwa. Juu ya hayo, lazima pawepo ushahidi kwamba mgonjwa alionana ana kwa ana na daktari au mtoa huduma mwingine anayekubaliwa kisheria, kati ya siku 90 kabla ya huduma kuanza na siku 30 baada ya kuanza. Mara nyingi ushahidi huo umo ndani ya ule muhtasari wa hospitali ambao mgonjwa ameuhifadhi kwenye droo ya jikoni pamoja na bili za umeme, na wewe ndiwe mtu wa kwanza wa shirika kuuona. Ukiuskani saa nne asubuhi, ofisi inaweza kuuomba ukurasa unaopungua siku hiyohiyo. Ukiuskani usiku wa Ijumaa, ofisi itauona Jumatatu, na siku mbili kati ya zile tano zimekwisha.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ina uzito zaidi. Karatasi hizi ni mali ya mgonjwa. Fomu ya POLST, inayoeleza matibabu ambayo mgonjwa mahututi anayataka au hayataki, inatakiwa iwe pale alipo ili wahudumu wa gari la wagonjwa waione wakiitwa usiku. Fomu hiyo ikiwa ndani ya begi lako nyumbani kwako, mgonjwa anaweza kufanyiwa mambo aliyokwisha kuyakataa kwa maandishi. Karatasi halisi haitoki mlangoni kwa mgonjwa hata kwa siku moja.

Isitoshe, kasoro huonekana wakati wa kuskani. Sahihi isiyo na tarehe, ukurasa wa pili usiokuwepo, jina la dawa lililofutwafutwa, yote haya hurekebishwa kwa dakika mbili ukiwa bado umeketi na mgonjwa, na huchukua siku kadhaa za kupigiana simu ukiwa umeshaondoka.

Hatua ya kwanza: pata kibali, kisha chagua mashine

Usinunue skana kwa fedha zako na kuanza kuitumia bila kuiarifu ofisi. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, inayolinda taarifa za afya za wagonjwa, pamoja na kanuni zake za faragha na za usalama wa taarifa, humtaka mwajiri ajue ni vifaa gani vinavyogusa taarifa za wagonjwa na avilinde. Zungumza na msimamizi wa mifumo ya kompyuta, umweleze unataka kufanya nini, na uombe kibali cha maandishi hata kama ni barua pepe ya mistari miwili.

Skana za kubeba ziko za namna mbili. Zipo zinazopata umeme kupitia waya wa USB kutoka kwenye kompyuta, kama Epson WorkForce ES-50 au Brother DS-640. Hizi hazina betri ya kuisha wala mtandao wake wa kuangaliwa, na kwa muuguzi ambaye tayari anabeba kompyuta ya ofisi ndizo ninazozipendekeza. Zipo pia zenye betri na Wi-Fi, kama ScanSnap iX100 au Epson ES-60W, zinazomfaa anayefanya kazi kwa kishikwambi. Nyingi hazifikii kilo moja na zinaingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Hizi nne nilizozitaja huvuta karatasi moja moja na kusoma upande mmoja tu kila inapopita, jambo ambalo ni lazima ulikumbuke, kwa sababu upande wa nyuma usipoigeuza karatasi hautaonekana na mashine haitakuonya. Wagonjwa wako wengi wakiwa na muhtasari wa hospitali uliochapwa pande zote mbili, omba ofisi ikununulie ile inayosoma pande mbili kwa mpigo mmoja.

Simu je? Simu yenye programu ya kuskani iliyowekwa na ofisi, ambayo hupeleka picha moja kwa moja kwenye jalada bila kuziacha kwenye simu, inafaa kwa karatasi moja au mbili. Kamera ya kawaida ya simu yako binafsi haifai kabisa. Picha huhifadhiwa kwenye albamu, albamu hunakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na jioni orodha ya dawa za mgonjwa inajitokeza kwenye kishikwambi cha watoto sebuleni. Kampuni yoyote inayohifadhi taarifa za wagonjwa kwa niaba ya shirika hutakiwa kuwa na mkataba maalumu wa HIPAA na shirika hilo, na akaunti yako ya picha za familia haina mkataba huo.

Hatua ya pili: panga mipangilio mara moja, uiache hivyo

Mipangilio ifanywe ofisini au nyumbani kwako, ukitumia karatasi zisizo za mgonjwa yeyote. Weka nukta 300 kwa inchi (dpi). Kwa karatasi ya kawaida ya Marekani, yenye upana wa inchi 8.5 na urefu wa inchi 11, hiyo ni picha ya nukta 2,550 kwa 3,300, na inatosha kusoma maandishi madogo ya chupa za dawa yaliyonakiliwa pamoja na kuwezesha kompyuta kutambua herufi. Nukta 200 zinakaribiana na ubora mzuri wa faksi, na kwa kuwa ofisi nyingi za madaktari bado hupokea maagizo kwa faksi, utakuta baadhi ya mashirika yameridhika nazo; lakini karatasi iliyoskaniwa kwa nukta 200, kisha ikapigwa faksi, kisha ikaskaniwa tena na aliyeipokea, huwa haisomeki. Nukta 600 huongeza ukubwa wa faili mara nne bila faida yoyote kwa kazi yetu.

Suala la rangi linahitaji uangalifu. Mashine nyingi hukuachia uchague kati ya nyeusi na nyeupe tupu, kijivu, na rangi kamili. Nyeusi na nyeupe tupu hutoa faili ndogo sana, na ndiyo inayowavutia wengi, ila hufanya uamuzi mbaya: kila nukta hukatwa iwe nyeusi au nyeupe bila cha katikati. Chukua daftari la presha ambalo mke wa mgonjwa amekuwa akiliandika kwa penseli kila asubuhi, safu ya tarehe, safu ya vipimo viwili, na pembeni neno dogo kama kizunguzungu au miguu imevimba. Ukiliskani kwa nyeusi na nyeupe, tarehe zilizochapwa zitatoka safi kabisa, na yale maandishi ya penseli yatatoweka au yatabaki vipande vipande. Anayeufungua ukurasa ule ofisini ataona jedwali tupu na kudhani kwamba mgonjwa hakupimwa. Kinyume chake hutokea kwa karatasi za rangi: fomu ya POLST ya California, ambayo hupendekezwa ichapwe kwenye karatasi ya waridi iliyokolea, inaweza kutoka na kivuli cheusi kinachofunika vile visanduku vilivyotiwa alama. Kwa hiyo weka kijivu kiwe mpangilio wa kawaida, na tumia rangi kamili pale rangi yenyewe ina maana, kama vile mstari wa kalamu nyekundu aliouchora daktari kukatisha dawa, au fomu iliyochapwa kwenye karatasi ya rangi.

Programu nyingi za kuskani pia huwa na chaguo la kubana faili kupita kiasi. Usiliwashe. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu ndani ya karatasi zilizoskaniwa, 6 ikawa 8, kwa sababu njia ya ubanaji iliyotumika hutafuta vipande vya picha vinavyofanana na kuweka kimoja mahali pa kingine. Nakala zilionekana safi, zenye herufi kali, na zilikuwa na makosa. Katika mchoro wa nyumba kosa hilo ni vipimo vya chumba. Katika karatasi ya insulini ni mgonjwa kuzimia kwa kushuka kwa sukari. Njia ile ya ubanaji haiko katika kila mashine, lakini somo lake ni la kila muuguzi: usafi wa picha hauthibitishi usahihi wa namba.

Malizia kwa kuchagua PDF kama aina ya faili, na kwa kuhakikisha kwamba faili zinashukia kwenye folda moja iliyo ndani ya diski iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila neno la siri. Kompyuta za Windows hutumia BitLocker na za Apple hutumia FileVault. Muulize msimamizi wa mifumo kama imewashwa, kwa maana ulinzi huo ndio utakaokuokoa siku kompyuta ikiibwa.

Hatua ya tatu: kabla ya kuifungua begi

Osha mikono au tumia kitakasa kabla ya kuingiza mkono kwenye begi, kama ufanyavyo kwa vifaa vingine vyote. Tandika karatasi safi au kitambaa cha kutupwa juu ya meza, kisha uweke skana na kompyuta juu yake. Usiviweke kitandani, wala kwenye sofa, wala sakafuni.

Mgonjwa akiwa na maambukizi yanayoenea kwa kugusa, hesabu hubadilika. Vijidudu vya C. difficile huwa katika hali ya mbegu ambazo spiriti haiziui. Vinahitaji mikono ioshwe kwa sabuni na maji, na vifaa vipanguswe kwa dawa yenye klorini ambayo rola za skana hazikutengenezwa kuistahimili. Katika nyumba kama hiyo iache skana garini, ndani ya buti lililofungwa, na utumie kishikwambi cha ofisi kilichofunikwa kwa mfuko wa plastiki kupiga karatasi kupitia programu iliyoidhinishwa. Huduma zikiwa za muda mrefu, mwombe msimamizi ofisi ipeleke kwa posta fomu mpya zisizohitaji kubebwa nawe.

Hatua ya nne: mweleze mgonjwa, kisha panga karatasi

Mgonjwa ana haki ya kujua karatasi zake zinafanywa nini, na maelezo mafupi ya heshima humwondolea wasiwasi. Kwa mama wa Kimombasa anayeishi na mwanawe Minneapolis, baada ya shikamoo na marahaba, yatosha kusema: «Mama, naomba ruhusa yako nizipige skani karatasi ulizopewa hospitali ili daktari na wenzangu wazione. Hizi zako hazitoki hapa, nikimaliza nakurudishia mkononi.» Kisha fanya kama ulivyosema, umrudishie mkononi, usiziache zimezagaa mezani.

Kuhusu fomu zinazohitaji sahihi, kumbuka kwamba ilani ya haki na wajibu wa mgonjwa haitoshi kukabidhiwa tu. Hadi mwaka 2019 kanuni za Medicare zilitaka ielezwe yote pia kwa mdomo, kwa lugha anayoipendelea mgonjwa, kwa msaada wa mkalimani anayeiweza kazi hiyo bila mgonjwa kulipa ikibidi, kabla ya kumalizika kwa ziara ya pili ya mtaalamu; siku hizi sharti hilo la mdomo limebaki kwa mambo ya malipo, lakini desturi ya kuieleza yote ni ya kushikwa. Miongoni mwa wakimbizi wa Kongo waliohamishiwa Marekani wamo wengi wanaozungumza Kiswahili, lakini Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu kina maneno na mazoea yake. Usidhani kwamba kwa sababu mmesalimiana mkaelewana, basi na masharti ya kukatishwa huduma yameeleweka. Muulize akueleze kwa maneno yake alichokisikia. Mjukuu wa miaka kumi asifanywe mkalimani. Andika kwenye jalada lugha iliyotumika na aliyetafsiri, kwa sababu skani ya sahihi haionyeshi kama aliyetia sahihi alielewa.

Sasa panga. Toa pini za stepla na vibanio vyote, maana pini moja ikipita chini ya rola inaweza kukwaruza kioo, na mkwaruzo huo utaonekana kama mstari kwenye kila ukurasa utakaoskani baadaye. Nyoosha pembe zilizokunjwa. Karatasi zenye gundi ya vibandiko vya dawa, zilizolowa, au zilizochanika ziingize kwenye jaketi la plastiki angavu ambalo hutengenezwa kwa ajili ya skana, kisha upitishe jaketi lote; jaketi hilo hupanguswa kwa urahisi na huizuia karatasi isiraruke ndani ya mashine. Risiti na karatasi nyingine zilizochapwa kwa joto ziskaniwe mapema, kwa kuwa maandishi yake hufifia yenyewe.

Kisha geuza kila karatasi uangalie nyuma yake. Watu huandika mambo muhimu mno nyuma ya karatasi: namba ya simu ya binti anayesimamia dawa, dozi iliyobadilishwa na daktari kwa simu, jina la dawa ambayo ilimletea vipele. Nyuma yenye maandishi yoyote nayo iskaniwe, hata kama ni mstari mmoja wa kalamu.

Hatua ya tano: skani kwa mgonjwa mmoja, aina moja ya karatasi

Fungua kwanza jalada la mgonjwa kwenye kompyuta, uthibitishe jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa kwa kumuuliza mwenyewe, ndipo uanze. Utambulisho wa mambo mawili unaoutumia kabla ya kumpa mtu dawa ndio huohuo utakaoutumia kabla ya kuskani karatasi yake, hasa katika nyumba ambamo mume na mke wote wawili ni wagonjwa wa shirika lenu na bahasha zao ziko kwenye kikapu kimoja.

Ingiza karatasi ikiwa imenyooka, ukiibana kwenye ukingo wa kuongozea, na uiache mashine iivute yenyewe. Ukiivuta au kuisukuma, mistari hutoka imepinda au imerefuka. Kurasa za hati moja ziwe faili moja kwa mpangilio wake, na hati nyingine iwe faili nyingine. Faili moja kubwa iliyochanganya orodha ya dawa, kadi ya bima na fomu ya ridhaa humlazimu mtu wa ofisini kuikata upya, na wakati mwingine haikatwi kamwe, ikabaki kwenye jalada chini ya jina lisilo lake ambapo muuguzi wa zamu ya Jumapili hatawahi kuipata.

Kadi za bima ziskaniwe mbele na nyuma. Kadi mpya za Medicare zilizoanza kutolewa mwaka 2018 zina namba ya utambulisho yenye nafasi 11, herufi na tarakimu, badala ya namba ya hifadhi ya jamii iliyokuwepo zamani. Namba hiyo haitumii kamwe herufi S, L, O, I, B na Z, makusudi ili zisichanganywe na tarakimu. Kwa hiyo kile unachokiona kama O ni sufuri. Iandike pia kwa mkono kwenye mfumo huku ukiitazama kadi yenyewe, usiiachie kompyuta ijitambulie herufi.

Hatua ya sita: soma ulichoskani

Hapa ndipo wengi hukimbia, na hapa ndipo ninapokuomba ukae. Fungua faili na uikuze mpaka ijae kioo. Kwanza tazama kingo nne: je, mstari wa mwisho upo, au umekatwa? Namba za ukurasa zikisema 1 kati ya 6, hesabu sita. Kisha tafuta sahihi na tarehe, zote mbili, kwa mgonjwa na kwako wewe. Ilani ya Medicare ya kumalizika kwa huduma, kwa mfano, hutakiwa imfikie mgonjwa angalau siku mbili kabla ya huduma kumalizika ili apate nafasi ya kukata rufaa, na tarehe iliyo pembeni ya sahihi ndiyo inayothibitisha kwamba nafasi hiyo aliipata. Ikikosekana, mwombe aijaze sasa hivi kwa mkono wake. Usimjazie, wala usirudishe tarehe nyuma.

Baada ya hapo nenda kwenye namba. Weka karatasi kando ya kompyuta, ukiwa na kidole kwenye mstari wa kwanza wa orodha ya dawa, na usome kwa sauti ya chini jina, kipimo na mara za kumeza, ukilinganisha karatasi na kioo mstari kwa mstari. Kazi hii ina faida mbili, kwa kuwa unapoisoma orodha vile ndipo unapogundua kwamba hospitali imeandika metoprolol miligramu 25 mara mbili kwa siku ilhali chupa iliyo juu ya friji inasema miligramu 50. Hitilafu kama hiyo si ya skana. Ni ya kumpigia daktari kabla hujaondoka, na ni mfano wa kwa nini karatasi zisomwe pale zilipo dawa zenyewe.

Ukiona mstari mwembamba unaoshuka ukurasa mzima mahali palepale kwenye kila karatasi, jua kuna doa la gundi au vumbi kwenye kioo. Panguza, uskani upya kurasa zote zilizopitiwa na mstari huo, kwa sababu mstari unaopita katikati ya 0.5 unaweza kuifuta nukta.

Hatua ya saba: ipe jina, uitume, uhakikishe imefika

Jina la faili lisibebe jina la mgonjwa. Tumia namba ya jalada, tarehe ikianzia mwaka, kisha mwezi na siku, na aina ya hati kwa neno lilelile linalotumiwa na ofisi yenu. Tarehe ikipangwa hivyo, faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano. Tarehe iwe ya hati. Ile ya kuskani mfumo hujiandikia.

Pandisha faili moja kwa moja kwenye jalada kupitia programu ya shirika. Usijitumie kwa barua pepe binafsi, wala kwa WhatsApp kwa mwenzako wa ofisini hata akisisitiza kwamba ana haraka. Skana ya Wi-Fi iunganishwe na kompyuta yako moja kwa moja, na mtandao wa intaneti utoke kwenye kifaa cha ofisi. Wi-Fi ya nyumbani kwa mgonjwa hujui nani mwingine ana neno lake la siri. Pasipo na mtandao, jambo la kawaida vijijini, acha faili ndani ya programu ya shirika zikisubiri, na uzipandishe ukifika penye mtandao.

Kupandisha pekee hakutoshi. Toka kwenye jalada, ulifungue upya, utafute hati kama atakavyoitafuta mwenzako, na uone inafunguka. Ndipo uifute nakala iliyobaki kwenye folda ya kompyuta pamoja na iliyo kwenye pipa la taka. Skana yako ikiwa na kadi ya kumbukumbu, kufuta kwa kawaida huwa hakuondoi kila kitu, kwa hiyo ni bora kadi hiyo isitumike kabisa kwa karatasi za wagonjwa.

Mgonjwa akiomba nakala ya jalada lake, kanuni zinataka apewe bila malipo ndani ya siku 4 za kazi. Shirika nalo hutakiwa kulitunza jalada angalau miaka 5 tangu mgonjwa atolewe kwenye huduma, au zaidi pale sheria ya jimbo inapodai. Nakala uliyoipiga leo kwa pupa ndiyo itakayosomwa siku hiyo.

Usafi wa mashine, na siku mambo yanapoharibika

Panguza mwili wa skana kwa kitambaa cha dawa kinachokubaliwa na mtengenezaji kila unapotoka kwenye nyumba, ukiiacha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kioo na rola husafishwa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, bila kunyunyizia maji au dawa ndani. Mara moja kwa wiki yatosha, au mara uonapo mstari. Usiiache garini kwenye jua la kiangazi wala usiku kucha. Joto huharibu betri, na kioo cha gari huvunjwa kwa sababu ya begi lolote linaloonekana.

Skana au kompyuta ikipotea au kuibwa, piga simu kwa msimamizi papo hapo, hata kama ni usiku, na umweleze nini kilikuwa ndani na kama diski ilikuwa imesimbwa. Taarifa zilizosimbwa ipasavyo huwa hazihesabiwi kuwa zimevuja chini ya HIPAA. Zisiposimbwa, shirika hutakiwa kuwaarifu wagonjwa wote waliohusika bila kuchelewa, na si zaidi ya siku 60 tangu tukio ligunduliwe. Waliohusika wakifika 500, Wizara ya Afya ya Marekani nayo huarifiwa ndani ya muda huohuo. Kila saa unayoikawiza taarifa yako ni saa inayopungua kwa wale watakaolazimika kuwapigia wagonjwa hao.

Na mashine ikikataa kufanya kazi katikati ya ziara, andika kwenye maelezo ya ziara orodha ya hati ulizoziona, tarehe ya kila moja na idadi ya kurasa zake, nakili kwa mkono dawa na vipimo vyake vyote kwenye mfumo, ziache karatasi kwa mgonjwa ndani ya bahasha moja iliyoandikwa juu yake yaliyomo, na upange kuziskani katika ziara inayofuata, au umwombe msimamizi amtume mwenzako mwenye skana nzima ndani ya muda wa zile siku 5.